Mtu wa Buti

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nilale ndani ya buti. Nilikuwa nimevaa shati jeupe, suruali niliyoipiga pasi mwenyewe, na viatu vya kuazima kwa mwenzangu wa chumba kule Kilburn, maana nilidhani kiwanda cha Mmarekani ni mahali pa kwenda umependeza. Foremani akanitazama kutoka utosini hadi viatuni, akanipa tochi, akafungua sehemu ya nyuma ya gari, ile ya kuwekea mizigo, akasema, "Ingia. Lala ubavu. Ukiona maji, angalia yanapoingilia." Kisha akanifungia.

Nililala pale gizani nimekunja magoti kama mtoto tumboni, nikajiambia: Suleiman, umeikimbia Unguja kwa kuogopa kufungiwa, umepita nchi za watu ukilala kwenye mabaraza yao, umefika London, na bado umefungiwa. Hata sijamaliza kujihurumia, mvua ikaanza. Haikuwa mvua ya mbinguni. Ilikuwa mvua ya mabomba, kutoka juu, kutoka pembeni, hata kutoka chini, ikilipiga lile bati mpaka masikio yakaziba. Nikawasha tochi. Karibu na taa ya nyuma tone moja lilikuwa linajikusanya taratibu kwenye ukingo wa mpira. Buti lilipofunguliwa foremani aliuliza neno moja tu: "Kavu?"

"Si kavu," nikasema, nikamwonyesha.

Akapachora kwa chaki, akafungua buti la gari lililofuata. "Ingia." Ndivyo nilivyoajiriwa.

Vijana wetu wa hapa London wakinikuta kwenye harusi na maulidi huniuliza, "Mzee, ulikuwa unafanya kazi gani?" Nikisema nilikuwa natengeneza magari, wanaona spana na mikono yenye grisi. Nikisema nilikuwa mtu wa buti, wanacheka. Mjukuu wangu Nasra, ambaye Kiswahili anakisikia chote ila anakijibu kwa Kiingereza, aliniambia, "Babu, that's not a job." Basi ninaandika ili ajue kuwa ilikuwa kazi. Ninaandika pia kwa ajili ya foremani yule, kwa sababu siku hizi ana maradhi ya kusahau, nami nina shukrani yake ambayo kila nilipotaka kumpa aliikataa. Nilitaka kumfikishia kabla hajamaliza kusahau.

Kampuni yenyewe sitaitaja jina. Aliyewahi kuvuka barabara mahali popote duniani analijua. Mwanzilishi wake alikuwa Mmarekani aliyetaka gari liache kuwa la matajiri peke yao, liwe la mtu wa kawaida. Akaona kinachochelewesha kazi ni mtu kuifuata, huku na huku, mara nyundo, mara parafujo. Akaamua kazi imfuate mtu. Huo ndio mkanda tuliouita laini: gari linakuja mbele yako polepole likiwa mifupa mitupu, unalitia kitu chako kimoja, linakwenda kwa mwenzako. Mwanzo wa laini ni bati, mwisho wa laini ni gari. Wewe umesimama palepale miaka nenda miaka rudi, na dunia nzima inapita mbele yako kwa vipande.

Sifa ya magari hayo niliikuta kwetu kabla sijajua London iko upande gani. Ami yangu alikuwa na moja la teksi pale Darajani. Asubuhi lilipeleka wagonjwa hospitali, alasiri lilibeba maharusi, na mtu akifa lilibeba jamaa zake. Ami alikuwa akilipiga kofi la ubavuni na kusema, "Gari la Mmarekani halijui kununa." Likiharibika, fundi yeyote wa uchochoroni anaweza kulifungua na kulifunga. Ndiyo maana nilipofika hapa na kuambiwa kuwa kampuni ile ina kiwanda mashariki ya mji, ukingoni mwa mto Thames, na kwamba inachukua watu, niliona kama nakwenda kwa jamaa.

Hapa London sifa yake ilikuwa ya namna mbili. Mafundi bomba walilipenda, polisi waliliendesha, kila mtaa ulikuwa na baba mmoja anayelipiga sabuni kila Jumapili. Lakini Waingereza hawawezi kupenda kitu bila kukikejeli. Walisema linashika kutu kabla mtoto hajajifunza kulitapikia. Na zaidi ya yote walisema linavuja. Mtu akipanda gari letu na soksi zikamlowa, hakusema mpira umekaa vibaya, alisema Mmarekani hajui kazi. Jina lililojengwa na watu wengi kwa miaka mingi liliweza kuharibiwa na tone moja. Kazi yetu sisi wa mwisho wa laini ilikuwa kulitafuta tone hilo.

Mahali petu palikuwa kibanda kirefu cha bati ambacho gari linapitishwa huku linanyeshewa. Watu wawili walikaa ndani kwenye viti, na mmoja, mwembamba, alikuwa butini. Mwembamba nilikuwa mimi. Njaa ya safari ilikuwa haijaniisha mwilini. Ukitoka kibandani kulikuwa na mapanga makubwa ya upepo ya kulikaushia gari, yakivuma kama yana ugomvi na mtu. Kisha anakuja dereva, analichukua gari na kulipeleka uwanjani, kwenye safu za magari yanayongoja kupakiwa melini au kwenye malori. Nikajifunza kuwa maji hayaingilii pale yanapoonekana. Yanaingia juu, yanatembea kwa siri ndani ya bati, yanatokea chini yakijifanya wenyeji. Nikajifunza mpira wa mlango unavyokaa, gundi inavyopakwa kwenye maungio ya bati, na namna kipande kidogo cha uchafu kinavyoweza kuinua mpira na kufungulia mto.

Foremani yule nilimpa jina la Bwana Mvua, na jina likamganda hata Waingereza wakalitumia bila kujua maana yake. Alikuwa Mwingereza wa palepale mashariki, mfupi, shingo nene, sauti ya kukoroma. Hakusema neno ambalo halikuhitajika. Ukifanya vizuri alinyamaza, na ukifanya vibaya alinyamaza kwa namna nyingine. Alipogundua kuwa natafuta pa kusalia hakuniuliza dini wala nchi. Alinionyesha stoo ya mipira na kusema, "Hapa hapana mtu wakati wa chai. Usilowanishe maboksi." Alikuwa ameniona nikitia udhu kwenye bomba la kujaribia magari.

Sasa nieleze habari ya hodi, maana ndiyo iliyobeba mambo yote.

Mimi sikulelewa kufungua mlango wa mtu hivi hivi. Nyumba ina mlango, mlango una hodi. Siku za mwanzo kila nilipotaka kufungua gari ambalo mwenzangu yumo ndani nilisema, "Hodi!" Mdomo ulijisemea wenyewe. Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Alicheka zaidi Winston, dereva wetu wa kupeleka magari uwanjani, Mjamaika mrefu mwenye kofia ya sufu. "Solly," aliniita hivyo, "hilo gari halina hata namba, unalipigia hodi?"

"Gari halina namba, lakini mtu ana utu wake," nikamjibu.

Bwana Mvua hakucheka. Alikuwa na tatizo la siku nyingi, nalo ni mtu wa buti. Buti la gari wakati ule halifunguki kwa ndani. Dereva akiondoka nalo bila kujua kuna mtu, ni hatari. Kawaida yao ilikuwa kulipiga kofi na kupaza sauti, lakini kiwandani kila kitu kinapigwa kofi na kila mtu anapaza sauti. Bwana Mvua akaona kuwa neno langu halitumiki kwa jambo jingine lolote ndani ya kiwanda kizima. Akatangaza kwa ule ukoromaji wake: kuanzia leo, kabla hujaligusa gari lililotoka kibandani, unaita neno la Solly. Aliyemo anajibu neno la Solly.

Nikawafundisha. "Hodi" na "Karibu." Mngewasikia! Mpunjabi na hodi yake, Muayalandi na hodi yake, Winston akiivuta kama wimbo wa kanisani. Bwana Mvua mwenyewe alisema "Kariboo," midomo imechongoka. Moyo wangu ulijaa. Nilikuwa mgeni katika mji ule, siamkiwi na mtu asubuhi wala jioni, na sasa napigiwa hodi kutwa nzima.

Winston, mtu wa kupenda kujua mambo mpaka mwisho wake, akaniuliza, "Na usipojibiwa?"

"Unaita mara tatu," nikamwambia. "Ukikosa jibu, unakwenda zako. Ndiyo adabu." Nilimfundisha kama nilivyofundishwa chuoni, kwa mwalimu wa Kurani. Kwa mlango wa nyumba ni sawa kabisa. Hakuna kati yetu aliyefikiria kuwa buti si nyumba, na kwamba dereva wa gari hawezi kwenda zake bila kuondoka na gari.

Siku yenyewe ilikuwa ya baridi kali, wakati wa siku fupi, ambapo adhuhuri na alasiri zinafuatana kama ndugu na jua linazama watu hawajanywa chai. Wakubwa wa kampuni walikuwa wamekuja kutoka Marekani kutazama kiwanda. Siku za namna hiyo laini haikuruhusiwa hata kukohoa. Chai ikaahirishwa. Nikaona alasiri inanipita. Udhu nilikuwa nao, gari nililokuwamo lilikuwa kavu, na kibandani lilikuwa linakwenda polepole. Nikazima tochi, nikanuia, nikasali pale pale nilipolala, kwa ishara. Kibla sikukijua, maana na gari lenyewe lilikuwa linageuzwa.

Wenzangu wawili wa vitini walikuwa wameshashuka kukimbilia gari lililofuata, nami nilikuwa katikati ya sala niliposikia kofi la Winston juu ya bati. "Hodi!"

Anayesali hajibu hodi, hilo kila mtoto wa kwetu analijua. Anachoruhusiwa ni kupaza sauti amtukuze Mungu ili aliye nje afahamu. Nikasema "Subhanallah" kwa nguvu. Mapanga ya upepo yakaichukua. Winston akaita mara ya pili. Akaita mara ya tatu. Aliniambia baadaye kuwa alitazama saa, akajua ndio wakati wangu wa sala, akadhani nimo stoo ya mipira, akafurahi kuwa leo pia nimepata nafasi. Akaingia kwenye usukani, akaondoka. Kila mtu alikuwa na adabu zake siku ile.

Gari lilipotoka nje nilisikia lami ikibadilika chini yangu, nikaikata sala, nikapiga bati kwa ngumi. Winston alikuwa akiimba. Alilisimamisha, akafunga mlango, akapanda lile basi dogo linalorudisha madereva, na sauti yake ikapotea. Nikabaki na upepo wa mtoni. Nguo zangu za kazi hazikuwahi kuwa kavu hata siku moja, na sasa zilianza kukakamaa. Nilipiga kelele mpaka koo likakauka. Pale uwanjani magari yalisimama safu baada ya safu, rangi kwa rangi, na madereva wanaleta la mwisho wakitazama mbele. Jioni uwanja unafungwa. Nilijua kuwa baridi ile haina subira ya kungoja asubuhi. Nilimfikiria mama, nikasoma nilichoweza kusoma, na meno yalikuwa yananikatia maneno. Niliogopa. Sitajitia ushujaa wa uzeeni, niliogopa sana.

Yaliyotokea ndani nilisimuliwa. Buti lililofuata halikuwa na mtu wake, na magari kadhaa yakapita kila mtu akidhani nimekwenda kusali. Bwana Mvua akaniita, akaenda stoo ya mipira, akakuta maboksi. Akamtazama Winston aliyekuwa ndio kwanza anarudi, ameshapeleka mengine na hajui tena lipi ni lipi. Winston alipoelewa, walisema, alikaa chini.

Bwana Mvua akaenda kwenye nguzo yenye waya mwekundu, akauvuta.

Vijana, lazima muelewe waya ule ulikuwa nini. Ulikuwepo, ndiyo, kwa ajili ya dharura. Lakini katika dini ya Mmarekani dhambi zote zinasameheka ila kusimamisha laini. Laini ikisimama kwetu, inasimama kwa wapaka rangi, kwa waunga bati, kwa wafunga injini, mpaka mwanzo kabisa. Nao wakubwa wa Marekani walikuwa wamesimama juu, kwenye daraja la chuma linalopita juu ya laini, na kofia zao mpya za plastiki, wakiangalia. Kelele zote zikafa. Wengi walikuwa hawajawahi kusikia kiwanda kile kikiwa kimya wakati wa kazi.

Superintendenti, yaani mkubwa wa maforemani wote, akaja mbio amepiga wekundu. "Nani kavuta?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Mtu wangu yumo kwenye gari, uwanjani."

"Gari lipi?"

"Sijui."

"Peleka watu wawili wakamtafute, na washa laini sasa hivi."

"Magari ni mengi, na giza linaingia," akasema Bwana Mvua. Walisema hakupandisha sauti. "Nawachukua wote. Laini itawaka mtu wangu akirudi."

Akageuka, akatoka, na shift nzima ikamfuata, mpaka watu wa sehemu nyingine ambao hawakunijua hata kwa sura.

Mimi nilikuwa nimeshaacha kupiga bati. Usingizi mbaya ulikuwa unaninyemelea, ule wa utamu. Ndipo nikasikia kwa mbali sana, "Hodi!" Nikadhani ni kwetu, nikadhani ni mgeni yupo barazani na mama yumo jikoni hasikii. Kisha nyingine, ya sauti tofauti. Kisha nyingi. Wanaume walikuwa wanapita safu kwa safu, wanagonga kila buti na kuita, kwa kila lafudhi ya dunia hii, "Hodi! Hodi! Hodi!" Sijui kama neno lile limewahi kuitwa na watu wengi kiasi kile kwa pamoja, na wote walikuwa wakinipigia mimi.

"Karibu!" nikajibu. Haikutoka. Nikajaribu tena, nikaitoa na pumzi yangu yote. "Karibu! Karibuni! Karibuni nyote!" Bibi harusi hakaribishwi hivyo.

Buti likafunguliwa. Bwana Mvua akanitazama. Theluji ilikuwa imemkaa kwenye nyusi. Watu wamejaa nyuma yake. Akaniuliza, "Kavu?"

"Kavu, bosi," nikasema.

Akavua koti lake, akanifunika, akawaambia watu, "Haya, magari yanangoja."

Kwa hayo aliyoyafanya hakupewa nishani. Fadhila ya punda ni mateke. Haukupita muda akahamishiwa ghala la vipuri, mbali na mvua yake, na cheo cha juu alichokuwa anakisubiri akapewa mwingine. Aliondoka na kikombe chake mkononi. Lakini kabla hajaondoka alitukusanya na kutupa sheria: "Unaita mara tatu. Usipojibiwa, huondoki. Unaita ya nne, na unafungua ukiwa unaita." Sheria hiyo ilidumu mpaka kibanda kilipovunjwa. Sheikh wetu naye alinipa sheria yake: sala ya kulala ni ya mgonjwa, mwenye nguvu anasimama, kwa hiyo ile niirudie. Nikairudia, na nikaongeza ya kushukuru.

Nilimfuata ghalani. "Bosi, ile siku..." Akanikata: "Magari yanangoja, Solly." Ghalani hamkuwa na gari hata moja.

Baada ya hapo nikapelekwa sehemu ya milango. Kule kiongozi wetu alikuwa Mskoti mmoja aliyesema mteja hununua gari kwa sikio: anafunga mlango mara moja dukani, anausikiliza, moyo wake umeshaamua. Tukautafuta mlio huo kwa nyundo ya mpira na kipande cha ubao. Kisha wakaja roboti, na wakaja Wajapani na magari ambayo hayakuvuja hata uyatafute kwa tochi, na sifa ya Mmarekani ikaanza kupungua mezani kwa watu. Kila meneja mpya alikuja na bango jipya la ubora ukutani. Mwisho wake magari kamili hayakutengenezwa tena London, tukabaki na injini. Siku laini ile iliposimama kwa mara ya mwisho, ule ukimya niliutambua. Mara ya kwanza ulikuwa kwa ajili yangu, na safari hii haukuwa kwa ajili ya mtu yeyote.

Nimestaafu nikiwa mtu wa injini, na mgongo wangu unajua kila gari. Sijutii. Wapo wenzetu waliokuja na vyeti wakakaa maofisini Croydon, na mimi nimekaa butini, na watoto wetu wameoana. Nikilikuta gari letu la zamani limesimama barabarani kwenye mvua, naliangalia kwenye taa ya nyuma. Nasra ananivuta mkono, "Babu, people are looking." Waache watazame. Kampuni ni jina tu na rangi ya bango. Nikisikia wanaisifu au kuikejeli, mimi namwona mfupi mmoja mwenye shingo nene amesimama kwenye nguzo, na wakubwa wanamtazama kutoka darajani.

Juzi Winston akanipigia simu kutoka Lewisham. Bwana Mvua, akasema, yuko kwenye nyumba ya kutunzia wazee, si mbali na kwake. Mkewe ameshakufa. "Nilikwenda, Solly. Hakunijua. Fanya haraka."

Nasra akanipeleka kwa gari lake, la kampuni ileile, la umeme, halina sauti kabisa. Mvua ilikuwa inanyesha. Mtunzaji aliyetupokea alikuwa mama wa Kikongo, Mama Furaha, mtu wa Bukavu. Aliposikia nasema Kiswahili na mjukuu wangu alifurahi, kisha akasikitika.

"Papa, ule muzee hasemaki tena," akaniambia. "Chakula anakula, lakini kusema, hapana. Hata mutoto wake akikuja, hamujibu. Muko jamaa yake?"

"Mimi ni mtu wake wa buti," nikasema. Akamtazama Nasra, Nasra akainua mabega.

Tukafika mlangoni. Mlango ulikuwa umerudishwa. Nikagonga. "Hodi!" Kimya. Nikaita ya pili, kwa sauti ya kiwandani. Kimya. Nikaita ya tatu, na mkono wangu ukabaki juu ya ubao.

"Amelala, Babu," akasema Nasra, na safari hii alisema Kiswahili, polepole. "Let's go. Tutarudi."

Mguu wangu mmoja ulikuwa umeshageuka, maana nimelelewa hivyo na nimezeeka hivyo. Kisha nikaikumbuka sheria ya mwenye nyumba. Nikashika kitasa, nikausukuma mlango nikiwa naita ya nne. "Hodi, bosi!"

Alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya dirisha, shingo ile nene imekuwa nyembamba. Mvua ilikuwa inapiga kioo. Kidole chake kilikuwa kinatembea juu ya mpira wa dirisha, taratibu, kuanzia pembeni ya juu kushuka chini, kikisimama kwenye kila kona. Hakugeuka.

"Kariboo," akasema.

Mama Furaha akashika mdomo. "Yesu wangu! Huyu muzungu anajua Swahili?"

Nikaingia. Nikavuta kiti, nikakaa ubavuni kwake, nikamwambia yote: waya mwekundu, koti, ghala, cheo alichokikosa, mke niliyemwoa baadaye, watoto, na huyu Nasra aliyesimama mlangoni, ambao wote wasingekuwepo lau yeye angewasha laini. Nikamwambia ahsante kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Sijui alisikia nini katika hayo. Lakini safari hii hapakuwa na magari ya kungoja, na hakunikata.

Nilipomaliza, kidole chake kilikuwa kimefika kona ya mwisho ya dirisha. Akageuka, akanitazama usoni kwa muda mrefu, jicho langu moja kisha la pili, kama anayekagua.

"Kavu?" akauliza.

"Kavu, bosi," nikamjibu. Katika maisha yangu yote ya kazi, hiyo ndiyo mara pekee niliyomdanganya.